Mchezo Wodini: Michezo ya Video na Watoto Wagonjwa wa Kitui na Makueni

Mchezo wa video ni sehemu ya matibabu ya mtoto aliyelazwa muda mrefu. Katika kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya, watoto hao ni pamoja na walioungua, waliovunjika mifupa na walioumwa na nyoka.

Wapinzani husema kwamba hospitali inayopungukiwa na dawa haina haki ya kununua michezo. Hoja hiyo inasikika kama busara, lakini haina mashiko.

Kwanza, mchezo haunyang'anyi dawa nafasi yake. Mara nyingi simu ya mzazi tayari iko wodini, na michezo mingi haihitaji intaneti. Kompyuta kibao moja huhudumia watoto wengi kwa zamu. Makueni ilianzisha mpango wa afya wa MakueniCare mwaka 2016, kila kaya ikichangia shilingi 500 kwa mwaka. Kaunti iliyothubutu hivyo haishindwi na vifaa vichache vya wodi ya watoto.

Pili, hoja hiyo hupuuza maumivu. Akili haiwezi kushughulikia kila kitu kwa wakati mmoja, na anayezama mchezoni uchungu wake hupungua. Watafiti Hunter Hoffman na David Patterson wa Seattle, Marekani, walitumia kanuni hii kwa majeruhi wa moto. Mwandishi wa makala haya alishuhudia jambo hilohilo katika wodi moja ya Ukambani: muuguzi akilowesha shashi iliyogandamana na kidonda cha mguu, mama ameshika simu, na binti akikata matunda kwa kidole kwenye kioo. Shashi ilipobanduka alikunja uso, kisha akaendelea kucheza.

Tatu, wapo wanaodai kwamba mchezo hudumaza akili. Jibu zito zaidi limetoka jirani, Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 2009 Paul Bangirana, Michael Boivin na wenzao walichapisha utafiti juu ya watoto 65 walionusurika malaria ya ubongo. Kwa bahati nasibu, 32 walipewa mazoezi ya kompyuta kila wiki kwa wiki nane, 33 hawakupewa. Waliofanya mazoezi waliwapita wenzao katika kumbukumbu ya kazi, kujifunza na wepesi wa kutenda, na huzuni na wasiwasi wao ukapungua. Ni kweli kwamba watoto 65 ni wachache, na programu ile, Captain's Log, ilitungwa kwa mazoezi ya akili, si kwa burudani. Hata hivyo, utafiti huo unaonyesha kwamba kioo kinaweza kuinua akili iliyojeruhiwa.

Matumizi ya mchezo wodini yana masharti. Kifaa kifutwe kwa dawa kila kinapohama kitanda. Mtoto mwenye kifafa aepushwe na mianga inayomemeteka. Usiku usingizi utangulie. Na mtu mzima awepo. Kwa masharti hayo, mchezo ni haki pia: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 31, unatambua haki ya kucheza, wala haumwondoi mtoto mgonjwa. Kwa hiyo bajeti ya wodi ya watoto iwe na fungu la michezo, sambamba na la dawa na bandeji.