PANYA WA MAABARA NA MTOTO WA MFANYA KAZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Twajua ya kuwa wengi wenu mmekuja kusikia habari za mshahara, nasi tumesimama hapa kuwaambia habari za panya. Tafadhali msicheke bado. Panya hawa wanahusu kazi yetu, na zaidi wanahusu watoto wetu.

Sisi wa karakana twashika kila siku rangi, thina, dawa za kuondoa grisi na betri za risasi. Jioni twarudi nyumbani na harufu yake katika nguo. Tukiuliza kama vitu hivi vyaweza kumdhuru mtoto ambaye hajazaliwa bado, twajibiwa neno moja: "Vimepimwa." Basi leo tuulize pamoja: vimepimwa namna gani, na majibu yako wapi?

Asili ya jambo hili ni msiba. Mwaka 1957 dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa katika Ujerumani Magharibi. Ilisifiwa kuwa haina hatari, na wanawake wenye mimba waliimeza ili kutuliza kichefuchefu. Baadaye watoto wakazaliwa na mikono au miguu mifupi mno, na wengine bila mikono kabisa. Yakadiriwa kuwa walikuwa zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi. Novemba 1961 Daktari Widukind Lenz wa Hamburg alitoa onyo, na katika mwezi ule ule dawa ikaondolewa madukani huko Ujerumani. Huko Marekani Daktari Frances Kelsey, mfanya kazi wa serikali, alikuwa amekataa kuipitisha kwa sababu ushahidi aliopewa haukumtosha. Tazameni, ndugu: mtu mmoja aliyedai kuona karatasi aliokoa watoto wengi.

Baada ya hayo serikali zilianza kudai majaribio ya namna mpya, juu ya wanyama wenye mimba. Kwa kemikali za viwandani na za mashambani, utaratibu unaofuatwa na nchi nyingi ni ule wa shirika liitwalo OECD, namba 414, uliotolewa mwaka 1981 na kutengenezwa upya mwaka 2001 na 2018.

Kazi hufanywa hivi. Huchukuliwa panya majike waliokwisha shika mimba, wapata 20 katika kila kundi. Makundi ni 4 au zaidi. Kundi moja halipewi kemikali. Mengine hupewa, moja kidogo, la pili zaidi, na la tatu kiasi kikubwa, lakini si cha kuwaua mama. Mimba ya panya ni siku 21 au 22 tu. Hupewa kemikali kila siku tangu mimba inaposhika katika tumbo la uzazi, yapata siku ya 6, mpaka karibu na kuzaa. Siku moja kabla ya kuzaa mama huuawa na watoto hutolewa. Wataalamu huhesabu walio hai, waliokufa, na mimba zilizopotea mapema. Kila mtoto hupimwa uzito na kutazamwa kwa nje. Kisha karibu nusu yao mifupa yao hutiwa rangi ili ionekane vizuri, na wengine hukaguliwa moyo, ubongo na viungo vingine vya ndani.

Sasa sikilizeni sana hapa. Thalidomaidi ilipojaribiwa kwa panya, watoto wao hawakuonyesha ile mikono mifupi. Ni sungura walioionyesha, mwaka 1962. Kwa hivyo siku hizi mara nyingi hutakiwa wanyama wa aina mbili, panya na sungura. Panya akisema "hatari," tumsikie. Panya akinyamaza, tusilale usingizi. Na kemikali isiyopimwa kabisa haina haki ya kuitwa salama.

Iko kemikali iitwayo methoksi-ethanoli, iliyotumika katika rangi, wino na viwanda vya vyombo vya elektroniki. Majaribio juu ya panya na sungura yalionyesha kwamba yaharibu watoto tumboni, na kwamba yadhuru mapumbu ya wanyama madume pia. Baadaye wanawake wa Marekani waliofanya kazi na kemikali za jamii hiyo walichunguzwa, ikaonekana mimba zao zaharibika kuliko za wenzao. Panya alikuwa amekwisha sema. Nasi wanaume tusifikiri ya kuwa hii ni shauri ya akina mama peke yao.

Lakini kuna njia mbaya ya kutumia onyo hilo. Mwaka 1982 kampuni ya betri ya Johnson Controls huko Marekani iliwakataza wanawake kazi zenye risasi, ila yule mwenye hati ya daktari kwamba hawezi kuzaa. Mwanamke mmoja alikubali kufungwa kizazi ili asipoteze kazi yake. Na mwanamume aliyeomba likizo apunguze risasi mwilini kabla ya kupata mtoto, alinyimwa. Chama cha wafanya kazi wa magari, UAW, kilikwenda mahakamani, na mwaka 1991 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikaamua kwamba amri ile ilivunja sheria. Fundisho letu ni hili: mahali pa kazi pakiwa na sumu, dawa yake ni kuondoa sumu, si kumwondoa mfanya kazi.

Basi tufanye nini? Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi karatasi za usalama za kemikali zinazotumika, na sisi tuweze kuzipata. Kila mjumbe wa idara aziombe. Kwenye debe tafuteni alama yenye mpaka mwekundu na picha nyeusi ya kifua cha mtu kilichopasuka kama nyota. Katika karatasi, sehemu ya 2, tazameni maneno H360 au H361: la kwanza laonya kwamba kitu chaweza kudhuru uzazi au mtoto tumboni, la pili kwamba kinashukiwa. Sehemu ya 11 yapasa kueleza majaribio. Mkikuta pameandikwa kwamba hakuna habari, msiridhike. Leteni katika kamati, nasi tutadai kitu kingine kisicho na hatari, au feni za kutoa mvuke, glavu zifaazo na mahali pa kuoga na kubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani.

Ndugu zetu, wanyama wale wamekufa ili jibu lipatikane. Jibu likifungiwa katika kabati ya ofisi, wamekufa bure, na mtoto atakayelipa ni wetu. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua debe, ombeni karatasi.

Umoja ni nguvu.