Mbwa Mkubwa Asiyetulia: Tafuta Sababu Kabla ya Kushika Fimbo

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mifugo kwa wakaazi waliowaleta mbwa wao kupata chanjo. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya waliokosa kufika.

 

Siku ya chanjo, sindano huchukua muda mfupi. Maswali ndiyo huchukua muda mrefu, na swali moja halikosi: mbwa mkubwa asiyetulia afanyiwe nini? Anazunguka ua usiku kucha. Jani likianguka, anabweka. Anachimba chini ya lango, anakwaruza mlango, anahema ilhali hakuna joto. Mwenyewe halali, jirani hasemi naye, na mara nyingine wameshafikishana kwa chifu.

Jambo hili si dogo. Rottweiler dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 50, na Boerboel humzidi. Mbwa wa uzito huo akiruka kwa hofu, anaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto aliyetumwa maziwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Lakini udhibiti wa kweli huanzia nyumbani, kwa mwenye mbwa.

Chukueni mfano wa boma moja. Kulikuwa na wizi mtaani, na familia ikanunua German Shepherd. Mchana anafungiwa kibandani, usiku anafunguliwa. Mwaka wa kwanza walimsifu. Mwaka wa pili alianza kujizungusha kibandani, kutafuna mbao, na kubweka kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Walipomchapa alizidi. Siku moja lango liliachwa wazi, akamkimbiza mtoto wa jirani hadi barabarani. Mtoto hakuumwa, lakini kikao cha majirani kiliitwa, na uamuzi ulikuwa mmoja: mbwa auawe au aondolewe.

Kabla ya uamuzi kama huo, kuna maswali matatu ya kujiuliza, na yafuatwe kwa utaratibu.

Swali la kwanza: je, ni mgonjwa?

Mbwa hana mdomo wa kusema anaumwa, kwa hiyo maumivu huonekana kama utundu. Mbwa wakubwa huwa na matatizo ya maungio ya nyonga. Anayeinuka kwa shida asubuhi, asiyetaka kupanda ngazi, na anayenguruma akiguswa kiunoni huenda anaumwa. Mtazameni masikio: kupe, uchafu na harufu mbaya humkosesha usingizi. Mtazameni meno na ngozi. Homa za kupe nazo hudhoofisha mbwa na kumbadilisha tabia.

Kuna dalili moja ambayo haingoji kesho. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu akianza kuzunguka bila kutulia, tumbo limevimba na kukaza, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, mate yanamdondoka, basi huenda tumbo limejaa gesi na kujipinda. Hapo hakuna cha kumpapasa wala kumpa maji ya chumvi. Apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, kwa sababu anaweza kufa katika muda wa saa chache. Ili kupunguza hatari hiyo, gawanya chakula chake mara mbili au tatu kwa siku badala ya sufuria moja kubwa jioni, na usimkimbize mara tu baada ya kula.

Swali la pili: je, ni kichaa cha mbwa?

Mbwa aliyebadilika ghafla ni wa kuogopwa. Aliyekuwa mpole amekuwa mkali, au aliyekuwa mkali amekuwa mpole kupita kawaida. Anauma mawe na vijiti, sauti ya kubweka imekwaruza, anashindwa kumeza, mate yanamtoka, miguu ya nyuma inalegea. Huyo hatulizwi. Asishikwe na mtu yeyote. Watoto waondolewe, lango lifungwe, na ofisi ya mifugo au chifu ajulishwe mara moja.

Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni la mkwaruzo tu. Asipake pilipili, wala mafuta, wala majivu. Akianzishiwa chanjo, amalize dozi zote alizoandikiwa. Dalili za kichaa zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio huambukiza hadi asilimia 99 ya binadamu wanaopata ugonjwa huu. Kenya imeweka lengo la kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia 2030. Ndiyo sababu kila mbwa hapa anachomwa sindano: mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Swali la tatu: ikiwa si mgonjwa, anakosa nini au anaogopa nini?

Hapa ndipo penye wengi. German Shepherd alizalishwa kuchunga kondoo kutwa nzima. Rottweiler alikuwa mbwa wa kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Ukimfungia mnyama wa kazi kama huyo katika kibanda cha mabati kwa saa 12, nguvu zake haziishi. Zinageuka kuwa kuchimba, kutafuna na kubweka. Wengine hudhani mbwa anayefungiwa mchana atakuwa mlinzi bora usiku. Anachokuwa ni mbwa mwenye wasiwasi, anayebwekea kila kitu, hata wenye nyumba wakazoea kelele na wasitoke siku mwizi anapokuja kweli.

Mfundisheni mtoto na mtu mzima kusoma mwili wa mbwa. Mbwa mwenye hofu huficha mkia, hulaza masikio nyuma, hulamba midomo bila chakula, hupiga miayo bila usingizi, huonyesha weupe wa macho, au huganda kama mti. Kunguruma ni onyo. Ukimpiga kwa kunguruma, umemfundisha kuuma bila onyo.

Sasa, afanyiwe nini?

Kwanza, mtembeze. Asubuhi kabla ya jua kuwaka na jioni likishapoa, kwa kamba imara, mkononi mwa mtu mzima anayeweza kumzuia. Mwache anuse. Kunusa humchosha mbwa akili, na akili iliyochoka hutulia. Dakika 30 mara mbili kwa siku ni mwanzo mzuri kwa mbwa mzima mwenye afya. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa asikimbizwe mwendo mrefu, kwa sababu mifupa yake bado inakua.

Pili, mpe kazi ya kula. Badala ya kumimina chakula chote katika sufuria, sehemu yake itawanye kwenye nyasi aitafute kwa pua. Au chukua kipande cha gunia safi, kunja omena ndani, afungue mwenyewe ukiwa unamtazama asije akameza gunia. Mifupa iliyopikwa usimpe. Huvunjika vipande vikali na kumtoboa matumbo.

Tatu, mpe mahali pake. Mkeka au gunia katika kona yenye kivuli, mbali na lango na njia ya watu. Akienda pale mwenyewe na kulala, mtupie kipande kidogo cha ini lililochemshwa, polepole, bila kelele. Chagua neno moja, mathalani "mkekani", na watu wote wa nyumbani watumie neno hilo hilo. Anza na nusu dakika, ongeza kidogo kidogo. Wengi humtazama mbwa anapofanya fujo, wakamsahau anapotulia. Geuzeni hapo. Utulivu ndio ulipwe.

Nne, mzoeze kuachwa. Mbwa anayelia kila mwenyewe akishika ufunguo amejifunza kwamba ufunguo una maana ya upweke. Shika ufunguo, kisha kaa chini. Toka nje dakika moja, rudi kimya kimya. Kesho dakika tatu. Usiage kwa vishindo wala usirudi kwa shangwe.

Tano, jiandae kwa ngurumo na fataki. Mvua za masika na za vuli huja na radi, na mkesha wa mwaka mpya huja na fataki na vipaza sauti. Mbwa husikia kuliko sisi. Siku hiyo mtembeze mapema, umwingize ndani au katika chumba cha nyuma, funga madirisha na pazia, na uwashe redio kwa sauti ya kawaida. Akitaka kujificha chini ya meza, mwache. Akija miguuni mwako, mpapase taratibu. Si kweli kwamba kumfariji mbwa humzidishia hofu. Kumfunga mnyororo nje wakati wa radi ndiko hatari. Wengine hujinyonga wakijaribu kuruka ua. Na kabla ya msimu, unaweza kumchezea sauti za radi kwenye simu kwa sauti ya chini kabisa akiwa anakula, ukiongeza kidogo kila siku, na kurudisha chini akionyesha hofu.

Mambo ya kuacha ni haya. Usimpe dawa za binadamu. Vidonge vya maumivu ambavyo sisi humeza bila kufikiri vinaweza kumuua mbwa. Dawa ya kumtuliza ipo, lakini ni ya kuandikwa na daktari wa mifugo baada ya kumpima, na hufanya kazi vizuri ikifuatana na mazoezi haya. Usimpe pombe wala bangi kwa kusikia ushauri wa kijiweni. Na fimbo iache: mbwa aliyechapwa akiogopa huongeza hofu ya mkono wako juu ya hofu ya radi. Isitoshe, kumpiga na kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Kwa wazazi, neno moja. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa mkubwa, hata mbwa aliyelelewa naye. Asimsumbue anapokula, anapolala, au anaponyonyesha. Mbwa asiyemjua akimkaribia, mtoto asimame kama mti, mikono chini, asitazamane naye macho, asikimbie. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe na kufunika shingo na masikio.

Tukirudi kwa yule German Shepherd. Kikao cha majirani kilikubali kumpa mwenyewe miezi miwili. Daktari wa mifugo alipompima alikuta sikio la kushoto limejaa kupe na limeoza ndani, na kila alipolazwa na kichwa juu ya mbao alikuwa anaumia. Sikio lilitibiwa. Kibanda kilihamishwa kutoka langoni hadi nyuma ya nyumba. Kijana mkubwa wa boma akapewa kazi ya kumtembeza alfajiri, na baba jioni. Lango likawekewa komeo la pili. Wiki ya kwanza hakukuwa na mabadiliko, na mama mwenye boma alikaribia kukata tamaa. Wiki ya tatu usiku ulianza kuwa kimya. Kufikia mwisho wa miezi miwili alikuwa anabweka mtu akifika langoni, kisha ananyamaza akiambiwa. Radi bado anaiogopa, na huingizwa jikoni mvua ikianza. Majirani hawakuitisha kikao tena.

Si kila mbwa atabadilika hivyo. Yuko ambaye ameshauma mtu, na huyo anahitaji daktari, lango imara, na kifunga mdomo alichozoezwa kuvaa kila anapotoka. Yuko ambaye boma halina nafasi naye wala muda wake, na ni heri kukiri hilo mapema na kumtafutia anayeweza, kuliko kumtupa barabarani usiku. Mbwa aliyetupwa hugeuka tatizo la wadi nzima.

Na kwa anayefikiria kununua mbwa mkubwa kwa sababu ya wizi: kabla ya kuuliza bei, jiuliza nani atamtembeza saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, kwa miaka kumi. Ukikosa jina la kutaja, jenga ukuta kwanza.

Ofisi za mifugo ziko katika kila kaunti ndogo. Njooni na mbwa, njooni na maswali, na msisahau kadi ya chanjo. Atakayeondoka sasa amshike mbwa wake kamba fupi hadi apite langoni, maana foleni bado ni ndefu na wengine wao hawajasalimiana.