Nani Huchora Ramani ya Ukame?



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 18, imo habari ya uchunguzi wa ukame ambayo kwa kawaida tunaipita haraka ili tufike kwa Eliya na moto wake. Mvua imekosekana hata mwaka wa tatu. Mfalme Ahabu amwita Obadia, msimamizi wa nyumba yake, nao wanagawana nchi ili kukagua chemchemi na mabonde yote, mmoja akishika njia yake na mwenzake njia nyingine. Kazi ilipangwa vema. Lakini walichotafuta ni majani ya farasi na nyumbu wa mfalme. Watu waliolala njaa vijijini hawatajwi katika safari hiyo.

Nimeombwa nieleze jinsi ukame unavyopimwa na kuchorwa katika ramani, hasa katika kaunti za kaskazini mwa Kenya, ambako kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Ni jambo la kitaalamu, lakini si la wataalamu peke yao.

Kipimo kinachotumika sana hutoka kwenye setilaiti. Jani bichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa jirani yake usioonekana kwa macho ya binadamu. Jani kavu halifanyi hivyo. Kutokana na tofauti hiyo, setilaiti hukadiria ukijani wa nchi, kisha ukijani wa leo hulinganishwa na wa chini kabisa na wa juu kabisa uliowahi kuonekana mahali pale pale, majira yale yale. Matokeo huandikwa kati ya 0 na 100. Chini ya 10 ni ukame uliokithiri. 10 hadi 20 ni mkali. 20 hadi 35 ni wa wastani. Kuanzia 35 huhesabiwa kuwa hali ya kawaida. Tazameni hekima yake: jangwa la Chalbi halilinganishwi na msitu wa Mlima Marsabit, bali na Chalbi yenyewe. Kipimo cha mvua kilichobuniwa Marekani mwaka 1993 hufuata hoja hiyo hiyo, kila mahali na historia yake.

Sasa tuone hatari iliyomo. Tuseme kaunti ina sehemu nne zenye ukubwa sawa. Tatu zina 45, ya nne ina 9. Jumlisheni, mgawanye kwa nne: mtapata 36. Katika karatasi kaunti hiyo ni ya kawaida, na katika sehemu ya nne mifugo inakufa. Hakuna aliyesema uongo. Mpaka tu ulichorwa mpana mno. Na mipaka hiyo ina uzito wa fedha, kwa maana mpango wa ruzuku dhidi ya njaa katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera umetumia kipimo hiki kuamua lini malipo ya ziada yatolewe, kaunti ndogo kwa kaunti ndogo.

Tena, setilaiti huona kijani, haioni malisho. Mathenge ni kijani. Wafugaji wa Baringo waliwahi kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani ili hakimu ajionee mwenyewe maganda ya mti huo yanavyoharibu meno. Sidhani kuna ramani iliyowahi kusema wazi kama mbuzi yule.

Kwa sababu hiyo Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, iliyoundwa mwaka 2011, haitegemei anga peke yake. Katika kaunti 23 kame na nusu kame, wakusanyaji huuliza kila mwezi bei ya mbuzi na bei ya mahindi, maziwa yanayopatikana, umbali wa kufika majini, na hupima mzingo wa mkono wa mtoto. Mbuzi mmoja akinunua mahindi machache kuliko mwaka jana, hiyo ni dalili. Lakini swali la Ahabu linabaki: anayeulizwa ni nani? Aliye karibu na barabara ni rahisi kufikiwa. Aliyehama na ng'ombe hadi malisho ya mbali ni rahisi kusahauliwa.

Nawaomba jambo dogo kwa parokia. Makadirio ya mvua ya setilaiti husahihishwa kwa vipimo vya ardhini, na kaskazini vituo hivyo ni vichache. Wekeni kipimamvua katika uwanja wa kila kigango, mbali na miti na paa, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi na mtu yule yule. Milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, wala isiachwe wazi, kwani mahali patupu hapasemi kama mvua haikunyesha au msomaji hakuja. Katika daftari hilo hilo jumuiya ndogo ndogo ziandike kisima kilichokauka na tarehe yake, na familia zilizohama zimeelekea wapi.

Taarifa ya ukame ya kila mwezi hutolewa kwa umma. Viongozi waipate, waisome baada ya Misa, na pale inapotofautiana na daftari la kigango, walipeleke daftari hilo kwa ofisi ya ukame ya kaunti, wakae nalo mezani hadi lisomwe.