Ng'ombe Aliyezoea Kupiga Pembe

Masomo: Kutoka 21:28-32, Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 13:4

 Fungueni Biblia zenu katika Kutoka 21. Ni mafungu yasiyohubiriwa mara nyingi. Watu wanayapita haraka, wakifikiri ni habari za wafugaji wa zamani.

Musa anasema juu ya ng'ombe dume aliyempiga mtu kwa pembe mpaka akafa. Kama ng'ombe yule hakuwa na tabia hiyo, yeye peke yake anauawa na mwenye ng'ombe anaachwa. Lakini kama alizoea kupiga, na watu walikwisha kumwonya mwenyewe, naye hakumfunga, basi damu ile inamwangukia mwenyewe. Swali la Mungu ni fupi: ulikuwa unajua? Tena fungu la 30 linafungua mlango wa malipo. Anaweza kuandikiwa feza ya kuikomboa nafsi yake, na sherti alipe yote aliyoandikiwa. Fungu la 31 linaongeza kwamba ni vile vile kwa mtoto mwanamume au mwanamke.

Sisi huku Katanga hatuna ng'ombe wengi barabarani, tuna makamio. Kamio ambayo breki zake zinasumbua tangu mwezi uliopita, shofere amekwisha kumwambia mwenye kamio, naye amejibu, "Fikisha kwanza mzigo Kasumbalesa, kisha tutaona": huyo ndiye ng'ombe aliyezoea kupiga. Na mara nyingi juu ya kioo cha mbele wameandika jina la Yesu kwa rangi nzuri. Jina hilo tunaliheshimu, lakini halikuandikwa pale lishike kazi ya breki.

Tukumbuke tarehe 20 Februari 2019. Katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, kamio iliyobeba asidi iligongana na bisi ya abiria. Asidi ile ndiyo inayotumiwa migodini kutoa shaba na kobalti katika mawe. Siku ile ilimwagikia watu. Karibu watu 20 walikufa, na wengine walibaki na vidonda vya kuungua. Asidi ilikuwa inapelekwa kwenye mgodi wa Mutanda, ulio wa kampuni ya Glencore, lakini kamio ilikuwa ya kampuni nyingine iliyopewa kazi ya kubeba. Mnaona swali linalozaliwa hapo. Ajibu nani? Shofere? Mwenye kamio? Mwenye mzigo? Kila mmoja anaweza kumwonyesha mwenzake kidole, na mjane anabaki katikati.

Katika Kumbukumbu la Torati 21, maiti alipookotwa shambani na muuaji hajulikani, wazee walitoka wakapima umbali kutoka pale mpaka miji iliyo kandokando. Mji ulio karibu zaidi ulisimama mbele za Mungu kwa ajili ya damu ile. Hakuna mji ulioruhusiwa kunyamaza. Sisi tunaona kwamba wote wanaopata faida katika barabara ile wanapaswa kupimwa hivyo, tangu mwenye gurudumu mpaka mwenye mgodi.

Sasa kuna ndugu wanaosema, "Pasta, mtu amekufa, ni mapenzi ya Mungu. Kwenda kudai ni kukosa imani." Neno hilo linasemwa sana kwenye kilio, na mara nyingine anayelisema kwa sauti kubwa ni mjumbe wa mwenye gari! Mungu anajua siku zetu, ndiyo. Lakini Mungu huyo huyo aliyezijua siku za Waisraeli ndiye aliyeamuru wajenge ukuta mdogo juu ya dari la nyumba, kusudi mtu asianguke na mwenye nyumba asijiletee damu. Kama kifo cha namna hiyo kingekuwa cha mbinguni tu, ukuta ungekuwa wa nini?

Sheria ya nchi yetu inafuata njia hiyo hiyo. Amri ya 30 Julai 1888 juu ya mapatano na madeni, ambayo tribinali zinaitumia mpaka leo, inasema katika kifungu cha 258 kwamba mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, sherti airekebishe. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Cha 260 ndicho tunachotaka mkishike sana: bwana anajibu kwa ajili ya mtumishi wake aliye kazini, na kila mtu anajibu kwa kitu kilicho chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo shofere akikimbia porini, deni halikukimbia pamoja naye. Mwenye kamio yupo.

Upande wa makosa ya jinai, vifungu vya 52 na 53 vinamhukumu aliyeua bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu, kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na faini. Lakini kifungo cha shofere hakinunui unga wa watoto. Ndiyo maana jamaa ya marehemu inaruhusiwa kuingia katika kesi hiyo hiyo kama upande wa madai, na kuomba malipo pale pale. Msikawie. Kwa kosa la namna hii, miaka 3 ikipita bila kesi kuanzishwa, parke haiwezi tena kumshitaki mtu.

Halafu kuna asiransi. Tangu sheria ya 5 Januari 1973 kila gari linalotembea barabarani sherti liwe nayo. Kwa miaka mingi SONAS peke yake ndiyo iliyouza. Sheria ya 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine. Watu wengi wanafikiri karatasi ile ni ya kuwaonyesha polisi wa barabarani tu. Hapana. Iliwekwa kwa ajili ya mtu wa nje, yule aliyegongwa, kusudi apate malipo hata kama mwenye gari hana kitu.

Lakini mambo yanaharibikia kwenye kilio. Maiti angali chumba cha baridi, mama hajala siku mbili, na mjumbe anafika na sanduku, mifuko ya unga, na feza ya kukodi gari la kwenda makaburini. Anaongea kwa upole. Kisha anatoa karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa, kwamba jamaa imeridhika na haitadai tena neno lolote. Baba mdogo anatia sahihi. Wapendwa, sanduku pokeeni, ni haki yenu kuzika mtu wenu kwa heshima. Karatasi msitie sahihi siku hiyo. Waambieni mtaisoma baada ya maziko, pamoja na avoka au mtu anayejua sheria. Andikeni namba ya gari, majina ya walioona, ombeni kopi ya PV ya polisi, tunzeni karatasi za hospitali na cheti cha kifo. Bila hizo, hata avoka mzuri atakosa pa kuanzia.

Na feza ikipatikana, ni ya nani? Tusizunguke hapa. Marehemu alikuwa analisha mke na watoto. Waliopoteza mkate ni wao. Tumeona mjane anafukuzwa nyumbani wiki ile ile shemeji zake wanagawana malipo. Yakobo 1:27 inataja yatima na wajane, haikutaja shemeji.

Wengine wanauliza juu ya kusamehe. Samehe kabisa, usimlaani shofere usiku na mchana. Lakini Zakayo alipokutana na Yesu, hakusema tu kwamba ametubu. Aliahidi kurudisha mara nne. Yesu hakumzuia, hakumwambia kwamba toba inatosha. Tena Paulo, aliyewaonya Wakorinto juu ya ndugu kushitakiana, yeye mwenyewe aliomba hukumu ya Kaisari alipoonewa. Kama mwenye gari ni ndugu wa kanisa, wazee waketi naye kwanza. Akikataa kulipa, asijifiche nyuma ya neno "ndugu".

Kuna jambo lingine linalotuumiza zaidi. Gari limeanguka kwa sababu ya gurudumu lililokwisha, na baada ya siku tatu jamaa inamtafuta mchawi. Bibi mzee anapigwa. Mtoto wa miaka minane anaambiwa ndiye "aliyemuuza" baba yake, na wahubiri wengine wanaitikia amina. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inamhukumu anayemsingizia mtoto uchawi. Na Yesu alikwisha kulijibu jambo la kutafuta mwenye dhambi kati ya watu wa msiba: mnara wa Siloamu ulipoangukia watu 18, alikataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Wakati tunamshika bibi, mwenye gari anaweka gurudumu lingine la zamani na kuendelea na safari.

Na vijana, shofere asipigwe mawe wala kamio isichomwe. Hesabu 35 inampa aliyeua bila kukusudia mahali pa kukimbilia mpaka asimame mbele ya mkutano ahukumiwe. Shofere anayekimbilia kwa polisi anafanya jambo jema. Maiti mbili hazileti malipo.

Tunamalizia na magari yetu wenyewe, maana wakati wa makongamano unakuja, na makanisa yatakodi bisi na kamio kupeleka waimbaji Likasi, Kipushi na Kambove. Kanisa likikodi gari, linapakia watoto wa watu. Kwa hiyo mashemasi, kabla ya siku ya safari mwombeni mwenye gari karatasi ya asiransi, mwangalie tarehe yake, mwangalie magurudumu, mhesabu viti. Kamio ya mizigo isipakie waimbaji juu ya magunia. Shofere aliyeendesha usiku kucha alale kwanza. Kama karatasi imekwisha tarehe, tafuteni gari lingine, hata kama waimbaji wamekwisha kuvaa sare. Mambo hayo yakiwa tayari, watu wapande, na pasta asimame mlangoni aombee safari.