Haba na Haba: Kuulinda Mfuko wa Kaya Dukani na Jikoni
Maelezo kwa wananchi wa Pujini, Pemba



Wageni wengi hufika Pujini kuyatazama magofu ya ngome ya Mkama Ndume. Sisi tumekuja kwa jambo dogo kuliko ngome, lakini linaloingia katika kila nyumba: shilingi zinazotoka kila siku kwa ajili ya mchele, unga, sukari na mafuta, na namna ya kuzizuia zisipotee njiani kabla hazijafika jikoni.

Hatukuja kuwaambia kwamba mnafuja. Kaya nyingi hazina cha kufuja. Tatizo letu ni jingine: fedha huja kwa misimu, na tumbo hudai kila siku. Karafuu zina msimu wake. Mwani husubiri ukauke, kisha umsubiri mnunuzi. Mvuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa mapato yake hupungua. Basi mwenye fedha mkononi hununua polo zima la mchele, na asiye nazo hununua robo kilo. Huyu wa robo kilo, ambaye ndiye mwenye uhaba, mara nyingi ndiye anayelipa zaidi kwa kila kilo.

Hesabu ya robo kilo

Tuchukue mfano. Bei tutakazozitaja ni za hesabu tu, wala si bei elekezi. Tuseme kilo ya sukari inauzwa shilingi 3,000, na robo iliyokwishafungwa inauzwa shilingi 850. Robo nne ni shilingi 3,400. Kila robo imebeba shilingi 100 za ziada, na shilingi 100 hakuna anayezigombania. Lakini nyumba inayonunua robo moja kila siku, baada ya siku 30 imekwishatoa shilingi 3,000 za ziada. Hiyo ni bei ya kilo nzima ambayo haikuingia nyumbani. Kwa mwaka ni kilo 12, sukari ambayo ingetosha kuipunguzia nyumba mzigo wa mwezi wa Ramadhani.

Si lazima pawe na aliyedhulumu. Mwenye duka naye hulipia vifungashio na muda wa kupima. Hata hivyo, mnunuzi anapaswa kuijua hesabu hii kabla ya kutoa fedha. Kanuni ni moja: ulizeni bei ya kilo, au ya lita, kisha linganisheni. Msilinganishe pakiti na pakiti, kwani pakiti mbili za ukubwa uleule kwa macho huweza kuwa na uzito tofauti. Uzito halisi umeandikwa juu yake. Usomeni, na asiyeweza kusoma amtume mtoto wa skuli amsomee.

Kwa asiyemudu polo peke yake, iko njia ya ujirani. Kaya nne au tano huchanga, hununua polo moja, huomba risiti, kisha hugawana kwa mizani mbele ya wote. Tunasisitiza mizani kwa sababu ugomvi wa vikombe viwili vya mchele umewahi kuvunja ujirani wa miaka mingi.

Mizani, pishi na fungu

Wazee wetu walipima kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili hufanya kisaga, na visaga viwili hufanya pishi. Vipimo hivyo ni vya ujazo, si vya uzito. Kopo lililobonyea chini hupunguza, na mkono unaosawazisha juu ya kopo waweza kutoa au kunyima. Kwa hiyo, panapo mizani, nunueni kwa mizani.

Kabla bidhaa haijawekwa, tazameni kama mizani inasoma sifuri. Kama bidhaa inapimwa ndani ya chombo, uzito wa chombo utolewe. Hamkuja kununua bakuli. Mkiwa na shaka, ombeni ipimwe tena. Kuomba hivyo si kumvunjia mtu heshima, na muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Fungu la tungule au la muhogo halina mizani, lakini lina macho. Lizungukeni, tazameni la chini lililofichwa na la juu, kisha linganisheni na la jirani yake. Fungu la bei ndogo ambalo nusu yake ni ya kutupwa ni ghali.

Daftari la deni

Mkopo wa dukani umezisitiri nyumba nyingi, wala hatuulaumu. Tunaomba mambo mawili tu. Kwanza, ulizeni kama bei ya mkopo ni sawa na bei ya taslimu. Zikitofautiana, mjue tofauti hiyo ndiyo gharama ya kusubiriwa. Pili, deni liandikwe katika madaftari mawili, moja la duka na moja la nyumbani, siku ileile, kwa tarehe na kiasi. Kumbukumbu ya kichwani huwapotosha wote wawili bila ya kukusudia.

Fedha ya msimu inapoingia, ipangeni kabla haijazoea mkono. Lipeni deni la chakula kwanza, kisha wekeni kando fedha ya mchele, mafuta na sukari ya miezi mikavu, ndipo yaje mengine. Mwenye deni huwa na haraka, na mwenye haraka huuza alichonacho kwa bei ya mnunuzi.

Kilichopo shambani

Sehemu kubwa ya mchele tunaoula Zanzibar huja kwa meli kutoka nchi za mbali. Mwezi Julai 2023, India ilipopiga marufuku kusafirisha nje mchele mweupe usio wa basmati, bei zilipanda katika soko la dunia. Amri iliyotolewa ng'ambo ya bahari huweza kufika hadi kwenye sufuria ya Pujini, na hapa hakuna wa kuizuia.

Muhogo, majimbi, viazi vitamu, ndizi na shelisheli havingoji meli. Hatusemi wali uachwe. Tunasema kaya inayokula wali mara mbili kwa siku ikibadilisha mlo mmoja, hata kwa siku tatu za wiki, polo litachelewa kwisha. Muhogo ukishachimbwa huharibika baada ya siku chache; basi chimbeni wa kutosha leo, uliobaki uhifadhiwe na ardhi. Kunde na choroko za nazi, pamoja na mchicha au kisamvu, hujenga mwili siku ambayo samaki amepanda bei. Dagaa wakiwa wengi na bei ikishuka, nunueni wa kukausha.

Kuhifadhi nako ni kuokoa fedha. Akiba haiozi, walisema wazee. Lakini hawakumaanisha polo lililolazwa sakafuni. Liwekeni juu ya mbao, mbali na ukuta, au mchele utiwe katika pipa kavu lenye mfuniko. Nafaka iliyoota ukungu isiliwe wala isichanganywe na nzima, kwani ukungu huweza kuleta sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa.

Pikeni kwa kipimo. Wali uliobaki usilale nje hadi asubuhi. Penye jokofu uwekwe mapema, pasipo jokofu upikwe wa kumalizika. Kuupasha moto hakuondoi sumu iliyokwishaingia, na fedha iliyookolewa kwa kiporo kibovu huishia hospitali.

Haki yenu

Sheria ya mwaka 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji inamtambua mnunuzi wa Zanzibar kuwa na haki zake, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ipo kwa kazi hiyo. Tazameni tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa, si baada ya kufika nyumbani. Dai risiti, hata kwa bidhaa ndogo. Bidhaa ikiwa mbovu, rudini kwanza kwa muuzaji kwa upole. Mengi humalizikia hapo. Yasipomalizika, leteni risiti, bidhaa yenyewe pamoja na pakiti yake, na tarehe mliyoinunua. Malalamiko yenye ushahidi hushughulikiwa kwa wepesi kuliko malalamiko ya mdomo.

Ndugu zetu, hatukutoa siri hapa. Tunawaomba mwanze na jambo moja: kwa siku saba, andikeni kila kilichonunuliwa, uzito wake na bei yake. Siku ya nane kaeni pamoja, mume, mke na watoto wakubwa, msome. Kila nyumba itajionea yenyewe mahali shilingi zake zinapovujia, na haitahitaji kuambiwa na sisi.

Haba na haba hujaza kibaba. Tusisahau kwamba haba na haba, vilevile, hukimaliza.