Nani Atasaini? Kaseti za Panki za Johannesburg na Fomu Zetu za Mapokezi

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya watunza kumbukumbu za sauti



Kamati ya maandalizi iliniagiza nizungumzie muziki wa chinichini wa mijini na namna ya kuuhifadhi, nikitumia mfano mmoja kutoka nje ya Afrika Mashariki. Nimechagua Johannesburg ya mwaka 1979 hadi 1984. Kabla sijaendelea, niseme kwamba yaliyomo humu ni maoni yangu na si msimamo wa taasisi inayonilipa mshahara. Sababu ya kuliweka wazi mapema mtaiona mbele.

1. Maana ya maneno

Hapa nitapita haraka. Panki ni muziki wa gitaa, nyimbo fupi za kasi, ulioibuka New York na London katikati ya miaka ya 1970, ukapigwa na vijana ambao hawakungoja kufundishwa wala kuruhusiwa. Muziki uliofuata panki ulipunguza mwendo, ukaazima besi ya rege na mdundo wa fanki. Chinichini ni ule ambao haukupata nafasi redioni, na dukani ulikaa muda mfupi au haukufika kabisa. Kumbukumbu ya sauti ni nini, sote tumejibu kwenye mtihani.

2. Johannesburg

Miaka mitatu baada ya watoto wa shule wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976, Ivan Kadey, kijana Mzungu, aliunda kundi la National Wake pamoja na ndugu wawili wa Soweto, Gary na Punka Khoza, na Mike Lebisi. Kwa sheria ya mwaka 1950 iliyotenga maeneo ya makazi kwa rangi, kukaa kwao nyumba moja Parktown kulikuwa kosa tayari, hata kabla ya mtu kugusa gitaa. Polisi waliijua nyumba hiyo. Muziki wao ulichanganya panki, rege na fanki, maana kila mmoja alikuja na ya kwao.

Albamu yao pekee ilitoka mwaka 1981. Ziliuzwa nakala 700 hivi, kisha kampuni ikaiondoa sokoni kwa shinikizo la serikali. Mwaka uliofuata kundi likasambaratika.

Redio ya taifa, SABC, ilikuwa na kamati ya kupima mashairi. Wimbo uliokataliwa haukuishia kuandikwa kwenye daftari tu. Mfanyakazi wa maktaba alichukua kitu chenye ncha akaukwaruza kwenye santuri yenyewe, ili sindano isipite. Ndugu zangu, naomba tulitafakari hili kama watu wa fani: aliyefanya hivyo alikuwa mtunza kumbukumbu. Alikuwa na cheo kama chetu, na pengine alifuata taratibu zote.

Kilichoponya sehemu ya muziki ule ni karavani. Lloyd Ross, akishirikiana na huyo Kadey, aliweka studio ndani ya karavani, na humo ikazaliwa lebo ya Shifty. Kazi yao ya kwanza waliifuata Maseru, kwa kundi la Lesotho lililokuwa limefukuzwa Afrika Kusini. Kundi hilo lilikuwa likijiita Uhuru, jina letu kabisa, kabla ya kuwa Sankomota. Baadaye Shifty ilimrekodi James Phillips, aliyeimba kwa Kiafrikaans akiwakejeli makoplo wa jeshi la makaburu, na mwaka 1989 ikawa nyuma ya ziara ya Voëlvry, ambayo vyuo kadhaa viliifungia milango.

Rekodi za National Wake zilitolewa upya mwaka 2013, na kampuni ya Marekani. Wale ndugu wawili, Gary na Punka, hawakuwa hai kuzishika mkononi.

3. Fomu

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Muda uliobaki nitautumia hapa, na Mwenyekiti anivumilie.

Fomu zetu za mapokezi, karibu zote nilizowahi kuziona, zina kisanduku kinachosema "Jina na saini ya mmiliki wa haki". Kisipojazwa, kaseti hairuhusiwi kuvuka kaunta. Kwa bendi ya redio hakuna shida. Miaka ya 1970 bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, kwa sababu nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na kanda zikabaki palepale studio, zikiwa na tarehe na namba. Lakini kundi la gereji, lililorekodi mazoezi yake kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya ndoo, mmiliki wake ni nani? Mpiga besi? Mwenye gereji? Mwenye redio?

Mama mmoja mjane alifika katika taasisi ambayo sitaitaja, akiwa na kaseti kwenye mfuko wa Rambo. Marehemu mumewe alipiga besi katika kundi la vijana wa mjini. Aliambiwa alete barua iliyosainiwa na wanamuziki wote. Wawili walikwisha fariki, mmoja alikuwa Muscat, wa nne hajulikani aliko. Mama akarudi na mfuko wake. Alipokuja tena, masika yalikuwa yamepita. Niliifungua kaseti ya kwanza mwenyewe: kile kipande cha sponji kinachobana utepe kwenye hedi kilikuwa kimebanduka na kujikunja pembeni, na utepe ulikuwa na ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Upande A uliokoka nusu. Upande B mtu alikuwa amerekodi taarifa ya habari juu ya wimbo, kwa hiyo tunasikia ngoma zikianza, halafu bei za kahawa.

Kosa la fomu ni kwamba inauliza maswali matatu kwa saini moja. La kwanza: nani mwenye kitu chenyewe, plastiki na utepe? Hilo mjane angeweza kulijibu palepale. La pili: je, tunaweza kunakili ili kuokoa? Sheria nyingi za hakimiliki zina kifungu kinachoipa maktaba au hifadhi nafasi hiyo kwa masharti, na kila mmoja wetu aisome ya nchi yake badala ya kumwuliza mwenzake kwenye korido. La tatu: je, tunaweza kuchapisha, kuuza, kuweka intaneti? Hapo tu ndipo tunapohitaji saini ya kila mwanamuziki au mrithi wake. Sisi tunadai jibu la tatu mlangoni, kabla hatujajua hata kama kaseti ina sauti.

Wapo watakaosema tungoje haki ziishe. Hebu tuitazame sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1978. Rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza. Albamu ya 1981 italindwa hadi mwisho wa 2031. Na kaseti ya mazoezi ambayo haikutolewa kamwe? Saa yake haijaanza kuhesabu. Kwa hiyo muziki uliozuiwa kutoka ndio tunaoambiwa tuungoje zaidi, na utepe haungoji. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku, wakiutaja mwaka 2025 kuwa ndio mpaka: baada ya hapo mashine nzima za kuzisoma zingekuwa adimu mno. Mwaka huo umefika na umepita. Nimeandika dokezo juu ya jambo hili zaidi ya mara moja. Majibu yamekuwa ya heshima.

4. Mapendekezo

Kwanza, fomu igawanywe sehemu tatu kama nilivyoeleza: kitu, nakala ya kuokoa, uchapishaji. Pili, anayeleta kaseti asirudishwe nayo nyumbani. Apewe stakabadhi, na maswali yafuate baadaye. Tatu, kila taasisi ipate maoni ya mwanasheria kwa maandishi kuhusu kifungu cha kunakili, ili ofisa wa kaunta asibebe hofu peke yake.

Nne, deki za kaseti na mashine za rili zisiuzwe kwenye minada ya vifaa chakavu. Kamati za manunuzi ziambiwe hivyo kwa barua, kwa sababu kwa mdomo hazisikii. Tano, mafundi wazee wa redio waliobaki mitaani waajiriwe, hata kwa mkataba mfupi, wafundishe vijana kusafisha hedi na kurekebisha pembe yake. Sita, unakili ufuate mwongozo wa IASA: biti 24 na kHz 96, au angalau 48. Kaseti iliyonakiliwa kwa simu haijahifadhiwa. Saba, kanda za rili zilizoanza kunata zisichezwe hata kidogo kabla ya kukaushwa kwa joto dogo la nyuzi 50 hivi na mtu anayejua. Kaseti za kawaida zisiingizwe kwenye oveni hiyo.

Nane, mleta kaseti ahojiwe siku ileile, akiwa bado amekaa: nani alipiga nini, wapi, mwaka gani, kwa nini hawakuipeleka redioni. Jibu la swali hilo la mwisho mara nyingi lina thamani kuliko wimbo. Tisa, na hapa narudia kwa makusudi, fomu igawanywe.

Ndugu Mwenyekiti, semina zilizopita zimemalizika kwa maazimio ya jumla kuhusu umuhimu wa urithi wetu, na kisanduku kile bado kipo kwenye fomu. Naomba safari hii azimio liwe moja tu, lihusu kisanduku hicho, liandikwe kwenye muhtasari wa kikao pamoja na jina la atakayelitekeleza na tarehe ya mwisho. Kama hakuna wa kujitolea, niandikeni mimi.