Chuo Kilichoacha Mpira

Leo tutazungumza juu ya Chuo Kikuu cha Chicago, huko Marekani. Chuo hiki si cha Serikali. Kilianzishwa mwaka 1890 kwa fedha za Rockefeller, tajiri wa mafuta.

Zamani kilisifika sana kwa mpira wa Kimarekani. Katika mchezo huu mtu huukumbatia mpira na kukimbia nao. Mwalimu Stagg aliwafundisha vijana wa chuo kwa miaka 40, nao wakashinda mara nyingi. Lakini nguvu zao zilipungua. Mwaka 1939 walifungwa na Michigan pointi 85 kwa sifuri.

Mkuu wa chuo, Bwana Hutchins, aliona kuwa vyuo vingi vinawavuta wachezaji kwa fedha, na elimu inawekwa nyuma. Mwaka ule ule chuo kikaacha mpira huo. Uwanja ukanyamaza.

Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa la watazamaji, Fermi na wenzake walifaulu kuzitawala nguvu za atomu. Nguvu hizo baadaye zilileta mabomu, na umeme pia.

Je, mpira ulikufa kabisa? La, ulirudi mwaka 1969. Wanafunzi hucheza, lakini hakuna anayelipiwa karo kwa ajili ya mchezo. Na pale penye uwanja wa zamani, leo pana maktaba kubwa.

Sasa zungumzeni darasani: Je, Bwana Hutchins alifanya vema? Toeni sababu zenu.